Kitafuta-mwelekeo cha zamani cha jeshi kinapogoma: anza na dalili

Kitafuta-mwelekeo ni redio inayokuonyesha mawimbi ya kituo yanatoka upande gani. Kabla hujashika bisibisi, jibu swali moja. Seti yako haisikii, au inasikia vizuri lakini inaonyesha upande usio wa kweli? Hayo ni maradhi mawili yasiyo na undugu. La kwanza ni la redio yoyote ya valvu (taa za kioo zilizofanya kazi ya transista za leo), na fundi aliyezoea redio za zamani atalielewa mara moja. La pili ni la kitafuta-mwelekeo peke yake, na mara nyingi chanzo chake hakimo ndani ya sanduku hata kidogo. Kimo kwenye kitanzi cha antena, kwenye kebo, kwenye paa la mabati lililo nyuma yako, au angani. Inasikitisha kuona watu wanatoa valvu nzima na kuweka nyingine nzima kwa ajili ya ugonjwa wa aina ya pili, kwa sababu valvu hizi hazitengenezwi tena.

Maelezo haya yanahusu seti za kubeba za miaka ya 1940 hadi 1960: kitanzi kinachozungushwa kwa mkono juu ya shafti, duara la digrii 0 hadi 360, fimbo fupi ya kutambulisha mbele na nyuma, na redio ya valvu za betri. AN/PRD-1 ya Jeshi la Marekani, iliyotumika Vietnam mwanzoni mwa miaka ya 1960, ni ya ukoo huu. Ndogo zaidi ni vile vipokezi ambavyo wasakaji wa Kijerumani walivaa kiunoni chini ya koti wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wakipita mitaani kutafuta mitambo ya siri ya wapinzani wao. Kanuni ni ile ile kwa zote.

Kitanzi kikielekeza ukingo wake kwa mnara wa kituo, sauti inakuwa kubwa kuliko zote. Kikielekeza uso wake, sauti inapotea, na hapo tunapaita kimya. Tunapima kwa kimya, si kwa kilele cha sauti, na hesabu inaonyesha kwa nini. Ukikosea digrii 10 kutoka kwenye kilele, volti inayotoka kwenye kitanzi inapungua kwa asilimia 1.5 tu, ambayo sikio haliitambui. Ukikosea digrii 10 hizo hizo kutoka kwenye kimya, tayari unapokea asilimia 17 ya volti ya kilele, na unaisikia papo hapo. Kimya kinapatikana mara mbili katika mzunguko mmoja, kimoja upande huu na kingine digrii 180 kutoka hapo. Fimbo ndiyo inayoamua kipi ni cha mbele.

Usalama, kabla ya kufungua sanduku

Rangi ya kung'aa gizani kwenye dira, mishale na namba za vifaa vya kijeshi vya miaka hiyo mara nyingi ilitengenezwa kwa radiamu. Ikiwa haing'ai tena, usidhani imekwisha. Kilichochoka ni kemikali inayotoa mwanga. Radiamu yenyewe inachukua miaka 1,600 kupungua nusu. Usiikwangue, usiipige msasa, usipulize vumbi lake, na usifungue dira ili tu usafishe kioo kwa ndani. Ukikuta kioo kimevunjika na rangi inamenyeka, acha kazi. Weka kifaa ndani ya mfuko wa plastiki, funga, nawa mikono, kisha omba ushauri kwa mamlaka ya mionzi: Tanzania ni Tume ya Nguvu za Atomu (TAEC), Kenya ni Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia (KNRA). Hili si jambo la kuomba ushauri kwa jirani.

Umeme wa juu wa valvu za betri huwa volti 67.5 au 90, na seti zenye vaibreta au dainamota (vifaa vya kupandisha volti za betri) zinaweza kuzalisha zaidi. Betri ikishatolewa, kapasita kubwa bado zinabaki na chaji. Zipime kwa mita, zimwage kupitia rezista, kisha upime tena. Kuzigusanisha kwa bisibisi kunaharibu kapasita na kunaweza kukurushia cheche usoni.

Seti zilizoandaliwa kwa nchi za joto na unyevu zilipakwa vanishi ya kuzuia ukungu, na baadhi ya vanishi hizo zilitiwa dawa yenye zebaki. Usichomee solda juu yake ndani ya chumba kilichofungwa. Kapasita za mafuta zenye kopo la bati, za kabla ya mwisho wa miaka ya 1970, zinaweza kuwa na PCB, kemikali yenye sumu. Inayovuja usiishike kwa mikono mitupu.

Dalili: seti ni bubu, haitoi hata mchakacho

Sababu inayoongoza ni betri na vishikio vyake. Betri za asili hazipatikani, kwa hiyo karibu kila mtu anatumia za kujiundia: betri kumi za volti 9 zilizofungwa mfululizo kwa volti 90, na betri kubwa ya tochi ya volti 1.5 kwa nyuzi za valvu, zile zinazopashwa moto ndani yake. Pima volti huku seti ikiwa imewashwa. Betri iliyochoka huonyesha volti nzuri ikiwa haina kazi, kisha inaanguka ikipewa mzigo. Safisha vishikio mpaka uone chuma kinachong'aa. Mabaki meupe ya betri za alkali yanalainika kwa siki au ndimu, kisha futa kwa kitambaa chenye maji kidogo na ukaushe kabisa.

Hapa pana hatari iliyoua seti nyingi kuliko uzee. Valvu kama 1R5, 1T4, 1S5 na 3S4 zina uzi mwembamba unaotaka volti 1.4 tu. Waya ya volti 90 ikigusa njia ya nyuzi hata kwa sekunde moja, valvu zote zinaungua kwa pamoja. Tengeneza plagi mbili zisizoweza kubadilishana, na zipime kabla ya kuchomeka valvu. Kama mpangilio wa waya wa plagi ya asili huna uhakika nao, usibahatishe. Tafuta mchoro wa seti hiyo hasa, maana seti mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kuwa na plagi zilizofungwa tofauti.

Kinachofuata ni hedifoni. Za jeshi nyingi ni za omu 600 au zaidi ya hapo, wakati za simu ni omu 16 au 32. Ukichomeka za simu moja kwa moja utasikia kidogo sana au hutasikia kitu, na seti haina kosa lolote. Weka transfoma ndogo ya kulinganisha katikati, au tafuta hedifoni za omu nyingi.

Baada ya hapo angalia kebo na plagi kati ya kitanzi, redio na sanduku la betri. Zitikise taratibu huku unasikiliza. Waya za miaka hiyo zilifunikwa kwa mpira ambao sasa umekuwa mkavu na unavunjika unapokunjwa, kwa hiyo ukiona nyufa usiendelee kuikunja, ibadilishe yote.

Kisha valvu. Toa kila moja wakati umeme umetolewa, upime uzi wake kwa mita; ukiwa mzima na baridi utaonyesha omu chache. Katika seti ambazo nyuzi zimefungwa mfululizo, moja ikikatika zote zinazimika, na hapo hakuna njia ya mkato ila kupima moja baada ya nyingine.

Seti ya vaibreta ikiwa haitoi mvumo wowote, huenda vidole vyake vya ndani vimeota ukungu wa oksaidi kwa kukaa miaka bila kazi. Mafundi wengine huifungua na kuvisugua kwa karatasi laini. Kama hujawahi kuifanya kazi hiyo, mpe aliyewahi. Vaibreta iliyoganda katika hali ya kufungika hupitisha umeme mfululizo na kuchoma transfoma, na transfoma hiyo hutaipata dukani.

Dalili: inasikia, lakini kwa mbali, au bendi moja tu ndiyo inayofanya kazi

Ikiwa bendi za chini zinasikika na ya juu imekufa, shuku betri ya nyuzi kabla ya kitu chochote. Valvu ya 1R5 ndiyo inayozalisha wimbi la ndani la kulinganishia, na volti za uzi wake zikishuka huacha kufanya hivyo kwenye masafa ya juu kwanza. Weka betri mpya. Ikirudi, umemaliza.

Kuna jaribio zuri lisilohitaji kifaa cha gharama. Chukua redio ndogo ya AM, iweke karibu na seti. Seti ikiwa kwenye kHz 600 na masafa yake ya kati (IF, yale ambayo seti hugeuzia kila kituo kwa ndani) ni kHz 455, wimbi la ndani litakuwa kwenye kHz 1055. Elekeza redio ndogo hapo, kisha zungusha kitafutio cha seti taratibu kwenda na kurudi. Ukisikia mluzi au mchakacho ukinyamaza ghafla, 1R5 inafanya kazi. Masafa ya kati ya seti za jeshi hutofautiana, kwa hiyo soma kitabu cha seti yako kwanza.

Swichi ya bendi ndiyo mshukiwa wa pili. Miguso yake ya fedha hugeuka nyeusi. Tone dogo la dawa ya kusafishia miguso ya umeme, kisha izungushe kwenda na kurudi mara nyingi. Usitumie mafuta ya kulegezea nati, kwa kuwa hubaki kwenye bakelaiti na kukusanya vumbi.

Ikiwa bendi zote ni dhaifu na sauti imekwaruza, pima kapasita ya karatasi inayopeleka sauti kwenye valvu ya mwisho. Weka mita ya kidijitali kwenye gridi ya 3S4, mguu ambao sauti inaingilia. Panapaswa kuwa hasi kwa volti kadhaa. Ikielekea chanya, kapasita inavuja na inaiua valvu polepole. Ibadilishe kwa mpya ya plastiki yenye thamani ile ile na volti za kutosha, na ukiweza ficha mpya ndani ya ganda la ile ya zamani. Historia ya kifaa nayo ina haki yake.

Skrubu ndogo juu ya koili na kapasita za kurekebishia usiziguse. Watu huzizungusha kwa matumaini, na baada ya hapo seti inahitaji jenereta ya mawimbi na mtu anayejua utaratibu. Kama umefika hapa na bado ni dhaifu, huo ndio wakati wa kumwita.

Dalili: mikwaruzo kila unapozungusha kitanzi

Mara nyingi ni pete za shaba na brashi kwenye shafti. Zifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na spiriti, bila msasa. Kama shafti haina pete bali kebo inayojipinda, kagua pale inapopindia. Mikwaruzo ikiendelea hata kitanzi kikiwa kimetulia, zima taa za LED, chaja za simu na inveta ya sola, kisha sikiliza tena. Katika nchi zetu za tropiki radi za mbali nazo hujaza mawimbi ya kati na mafupi kelele alasiri na usiku, hivyo asubuhi ndiyo saa nzuri ya kazi hii.

Dalili: kimya hakipatikani, au ni kipana mno

Hapa ndipo kitafuta-mwelekeo kinapoachana na redio ya kawaida, na hapa ndipo subira inalipa.

Kabla ya yote, tazama swichi iliyoandikwa AVC au AGC. Kazi yake ni kuongeza sauti kila mawimbi yanapopungua. Kwa msikilizaji wa taarifa ya habari hiyo ni neema. Kwa anayetafuta kimya ni adui, maana kila unapokaribia kimya inakipandisha juu. Izime, ongoza sauti kwa mkono, na upunguze mpaka kituo kisikike kwa kiasi tu kitanzi kikiwa kwenye kilele. Sehemu kubwa ya malalamiko ya kimya kipana huishia hapa.

Angalia pia swichi iliyoandikwa SENSE, inayounganisha fimbo. Ikiachwa imewashwa, au mguso wake umeganda, fimbo inaongeza mawimbi yake kwenye ya kitanzi na kimya kimoja kati ya viwili kinatoweka.

Tatu, huenda kituo chenyewe si sahihi kwa jaribio. Kikiwa dhaifu, kelele inafunika kimya. Kikiwa karibu sana na chenye nguvu, mawimbi yanapenya moja kwa moja ndani ya sanduku bila kupitia kitanzi. Kuthibitisha, chomoa kebo ya kitanzi. Ukiendelea kusikia kituo, yanapenya: kaza skrubu zote za sanduku, rudisha vifuniko vyote, safisha miguso ya ngao ya kebo, na uiweke kebo ya hedifoni mbali na kitanzi. Chagua kituo kingine cha AM mchana, ambacho unajua mnara wake ulipo.

Kama bado, fanya jaribio la vimya viwili. Pata cha kwanza, andika digrii. Endelea kuzungusha upate cha pili, andika. Tofauti ikiwa 180, kitanzi kina usawa mzuri. Ikiwa pungufu au zaidi, kitanzi kinafanya kazi kama kitanzi na wakati huo huo kama waya wa kawaida uliosimama, na mawimbi ya waya huo yanasukuma vimya upande mmoja. Mfano: umepata 52 na 240. Toa 180 kwenye 240 ubaki na 60. Wastani wa 52 na 60 ni 56, na hiyo ndiyo nafasi ya kweli ya kimya. Njia hii inakusaidia ukiwa uwanjani, lakini ugonjwa bado upo.

Ugonjwa wenyewe mara nyingi uko kwenye ngao. Vitanzi vingi vya jeshi vimefunikwa kwa bomba la alumini au shaba, lililounganishwa na fremu ya redio. Muungano huo ukioza, ngao inabaki jina tu na usawa unaharibika. Pima kwa mita kutoka bomba hadi fremu. Omu zisizidi moja au mbili. Bomba lazima pia liwe na mwanya, kwa kawaida juu kabisa, uliojazwa bakelaiti au raba. Nimeona vitanzi ambavyo mwanya huo ulizibwa kwa solda, mtu akidhani ni ufa. Ukizibwa, bomba linakuwa mzunguko uliofungwa na kitanzi kinaacha kupokea. Kabla ya kuamini kwamba seti ni dhaifu, utafute mwanya na uhakikishe uko wazi, hata chini ya rangi.

Seti nyingine zina kirekebishi cha usawa, kitufe kidogo cha kunoa kimya. Kimya kikiwa na nafasi sahihi lakini hakizami mpaka chini, tumia hicho: zungusha kitanzi kidogo, zungusha kitufe kidogo, rudia kwa zamu. Kikifika mwisho wa njia yake bila nafuu, kuna kasoro katika koili ya kuingizia mawimbi, na hiyo ni kazi ya mtaalamu.

Dalili: kimya ni kikali, lakini upande si wa kweli

Usifungue sanduku. Dalili hii karibu haisababishwi na valvu wala kapasita. Kinachotakiwa ni kutambua kosa lina tabia gani, kwa kupima vituo kadhaa vya pande tofauti ambavyo mahali pa minara yake unapajua, kisha kulinganisha na ramani.

*Kosa ni lile lile kwa vituo vyote.* Duara la digrii limeteleza kwenye shafti, au seti haikuelekezwa kaskazini vizuri. Kagua skrubu ndogo za duara. Kisha kumbuka kwamba dira inaonyesha kaskazini ya sumaku. Afrika Mashariki tofauti yake na kaskazini ya ramani ni digrii chache, lakini msomaji aliye Seattle ana takriban digrii 15, kosa la kutosha kukupeleka mtaa mwingine kabisa. Weka simu, funguo na bisibisi mbali unaposoma dira. Spika ndani ya hedifoni nayo ina sumaku.

*Kosa linabadilika kwa mpangilio kadiri upande unavyobadilika*, kwa mfano linaongezeka, linapungua, linageuka upande wa pili, kisha linarudia. Kuna chuma kikubwa karibu na kitanzi: gari ambalo seti imewekwa juu yake, au meza ya chuma. Iondoe hapo.

*Kosa linabadilika ukihama mita hamsini.* Tatizo ni mahali. Uzio wa waya, nguzo za umeme, bomba la maji ardhini, nondo za jengo na mabati ya paa hupokea mawimbi na kuyatoa tena kutoka upande wao. Tafuta uwanja wazi. Uwanja wa mpira wa shule, mbali na magoli ya chuma, unafaa sana.

Walio pwani wana jambo la ziada. Wimbi linaposafiri juu ya bahari na juu ya nchi kavu halina mwendo sawa, kwa hiyo linapovuka ufuko kwa mshazari hupinda. Ukiwa Tanga au Lamu ukipima mtambo ulioko baharini au kisiwani, amini zaidi vipimo ambavyo mstari wake unavuka ufuko kwa pembe karibu na mraba. Ule unaoambaa na pwani uutilie shaka.

*Kosa linabadilika kwa saa, na kimya kinatangatanga au kinapotea machweo.* Hili si kosa la seti. Mchana unapokea wimbi la ardhini, lililosimama wima jinsi kitanzi kinavyotaka. Jua linapozama, tabaka za juu za angahewa huanza kurudisha mawimbi ya kati chini, nayo hufika kutoka juu yakiwa yamepindishwa. Kitanzi hakina namna ya kuyatenganisha. Machweo na macheo ndizo saa mbaya zaidi. Kwa mawimbi ya kati, usiku, kipimo cha kituo kilicho makumi mengi ya kilomita kutoka hapo usikitegemee.

Kwenye mawimbi mafupi hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa wimbi la ardhini la mtambo mdogo hufifia upesi, hasa msituni, na la kutoka juu linaweza kufika hata mchana. Waliotumia PRD-1 Vietnam walilipa gharama ya jambo hili. Ili wapate wimbi la ardhini, ilibidi wasogee karibu na mtambo waliokuwa wakiutafuta. Tarehe 22 Desemba 1961, James T. Davis wa 3rd Radio Research Unit, kikosi cha Jeshi la Marekani, aliuawa katika shambulio la kuviziwa njiani magharibi ya Saigon, pamoja na askari wa Vietnam Kusini, timu yake ikiwa katika kazi hiyo. Mwaka uliofuata Jeshi la Marekani lilianza kufunga vifaa vya kutafuta mwelekeo kwenye ndege ndogo. Kwa hiyo mtu anapoandika kwamba PRD-1 yake "haina usahihi" kwenye MHz 5 jioni, jibu ni kwamba hata ilipokuwa mpya, mikononi mwa askari waliofunzwa, haikuwa na usahihi katika hali hiyo. Ijaribu asubuhi, kwa mtambo wa karibu, kabla ya kuihukumu.

Ukishapata mahali pazuri na saa nzuri, tengeneza jedwali la makosa kwa kila upande na ulibandike ndani ya kifuniko. Waendeshaji wa vitafuta-mwelekeo vya melini walifanya hivyo, na linafaa mpaka leo.

Dalili: mbele imekuwa nyuma

Kwanza hakikisha utaratibu: pata kimya, zungusha kitanzi digrii 90, bonyeza SENSE, linganisha sauti na upande wa pili. Wengi wanabonyeza kitanzi kikiwa kwenye kimya, na hapo jibu halina maana. Kisha angalia fimbo: imevutwa yote? Mguu wake una kutu? Kebo yake imekatika? Bila fimbo pande zote mbili zitalingana, hutaona tofauti.

Tofauti ikiwepo wazi lakini kinyume, mtu aliyeitengeneza kabla yako amebadilishana waya mbili za kitanzi. Thibitisha kwa vituo viwili au vitatu vya pande tofauti, kisha zirudishe. Rezista inayopunguza nguvu za fimbo nayo hubadilika thamani kwa uzee. Ikipanda au kushuka sana, tofauti ya mbele na nyuma inakuwa hafifu. Ipime ukiwa umetoa mguu wake mmoja.

Dalili: moshi, joto au harufu

Toa betri papo hapo. Harufu kali ya kuoza kutoka kwenye rektifaya ya seleniamu (kifaa cha kugeuza umeme wa AC kuwa DC) maana yake ni kwamba imeungua na moshi wake ni sumu: fungua madirisha, toka nje, rudi baadaye. Usiwashe tena "kuona kama imepona". Transfoma yenye moto, mafuta yanayotoka kwenye kopo, dainamota inayorusha cheche, hivyo vyote ni vya fundi mwenye uzoefu wa umeme wa juu wa valvu.

Unapompelekea, mpelekee na maandishi: betri ulizotumia na volti zake zikiwa na mzigo, bendi zinazosikika na zisizosikika, digrii za vimya vyote viwili kwa kila kituo, saa na mahali ulipopimia, na kila kitu ambacho wewe au mwenye seti wa kabla yako mlikibadilisha. Na kama bado hujainunua, au unaagiza kutoka nje, uliza kwanza mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako, TCRA kwa Tanzania, CA kwa Kenya, UCC kwa Uganda, kuhusu kibali cha kuingiza na kumiliki kifaa cha redio chenye asili ya kijeshi.